Kadhi au hakimu? Kugawa mirathi ya Mwislamu nchini Uganda

Hapa Busia, upande wetu wa mpaka, maneno ya mirathi huanza kabla sahani za hitima hazijakauka. Mmoja anauliza kyapa, yaani hati miliki ya shamba, kiko wapi. Mwingine anasema twende kwa sheikh. Wa tatu, mara nyingi yule aliyesoma Kampala, anasema twende kortini. Na pembeni kuna shangazi anayesisitiza kwamba mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anatosha, maana ndiye aliyeshuhudia ploti ikinunuliwa.

Mimi ni katibu wa msikiti. Si wakili, wala si sheikh. Kazi yangu ni kuandika nani kasema nini kwenye vikao hivyo, kisha kubeba bahasha: kwa kadhi wa wilaya, kwa mwenyekiti, Mbale, wakati mwingine Kampala. Nimebeba za kutosha kujua kwamba familia nyingi huchagua njia kwa kumfuata mwenye sauti kubwa. Huu ni ulinganisho kwa ajili ya yule anayetaka kuchagua kwa sababu nyingine.

Tusiangalie ng'ambo

Watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Tukivuka hatua chache tunakuta Kenya, ambako mahakama ya kadhi ni mahakama ya dola. Ibara ya 170 ya Katiba yao ya 2010 inampa kadhi uwezo wa kuamua ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Sheria yao ya urithi yenyewe imewaweka Waislamu kando ili wagawiwe kwa dini yao. Basi jirani akisimulia jinsi kadhi wa kule alivyomtoa kaka yake kwenye nyumba, sisi huku tunadhani kadhi wetu naye anaweza.

Hawezi. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini inaliachia Bunge kuweka utaratibu wake, na sheria ya kuzisimamisha mahakama hizo haijatungwa. Makadhi tulio nao ni wa taasisi zetu za dini: Baraza Kuu la Waislamu Uganda, lililoundwa mwaka 1972 enzi za Idi Amin na lenye makao yake Old Kampala, au wale wa upande wa Kibuli, uongozi mwingine wa Waislamu hapo Kampala. Wanasuluhisha, wanapiga hesabu za faraidh, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, wanaandika barua zenye muhuri. Barua hizo zina heshima. Askari wa kuja kuzitekeleza hawapo.

Upande wa pili kuna Sheria ya Urithi, ambayo mizizi yake ni ya 1906. Mwanzoni kabisa inasema kwamba kanuni zake ndizo sheria ya Uganda kwa kila urithi, wenye wasia na usio na wasia, isipokuwa pale sheria yenyewe au sheria nyingine itakaposema vinginevyo. Hakimu wa Tororo au Kampala akiletewa faili la marehemu Mwislamu asiye na wasia, kitabu anachofungua ni hicho.

Hesabu moja, majibu mawili

Wanaobishana kuhusu njia gani ni ya haki huwa hawajakaa chini na kalamu. Tukae.

Haji amefariki bila wasia. Ameacha wake wawili, watoto wa kiume watatu, wa kike wawili, na mama yake mzazi ambaye alikuwa akimtunza. Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni yote, na tukiiacha kando nyumba aliyokuwa akiishi (nitairudia), imebaki mali ya shilingi milioni 96.

Kwa kadhi, wake wanagawana thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu ana watoto. Mama anachukua sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata sehemu mbili za mwanamke.

Kwa korti, Sheria ya Urithi baada ya marekebisho ya 2022 inatoa asilimia 20 kwa wajane, asilimia 4 kwa ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu, asilimia 75 kwa watoto bila kutazama jinsia, na asilimia 1 kwa mrithi wa kimila, yule ambaye Waganda humwita omusika.

| Anayepokea | Kwa kadhi | Kwa korti |
|---|---|---|
| Kila mke | milioni 6 | milioni 9.6 |
| Mama wa marehemu | milioni 16 | milioni 3.84 |
| Kila mtoto wa kiume | milioni 17 | milioni 14.4 |
| Kila mtoto wa kike | milioni 8.5 | milioni 14.4 |
| Omusika, juu ya fungu lake | hakuna | 960,000 |

Tazama mstari wa pili, wa mama. Kila kikao ninachoandika, mabishano ni juu ya binti na kaka yake. Ni kweli binti anapanda kutoka milioni 8.5 hadi 14.4 akienda kortini, na kaka anashuka kwa milioni 2.6. Lakini anayeanguka kutoka mbali kuliko wote ni bibi kizee aliyekaa kwenye mkeka, anayeshika tasbihi na asiyeulizwa chochote. Kwa dini mama ana fungu lake lisiloguswa, awe anamtegemea mwanawe au ana maduka yake mwenyewe. Kwa sheria ya nchi hana fungu la umama. Anaingia tu kama mtegemezi, na akiwa na ndugu wengine waliokuwa wakitegemea pia, ile asilimia 4 wanagawana. Mama asiyekuwa akimtegemea marehemu huenda akatoka mikono mitupu.

Kwa hiyo anayesema korti inawapendelea wanawake asimalizie sentensi haraka. Inampendelea mjane na binti. Mama inamwacha nyuma.

Neno moja kuhusu hiyo asilimia 20. Zamani ilikuwa 15, na kifungu chenyewe kilizungumzia marehemu mwanamume tu, kana kwamba wanawake hawafi na mali. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo kwa ubaguzi, kisha tukakaa miaka 15 hadi Bunge lilipoziba pengo mwaka 2022. Mafaili ya kipindi hicho bado yanasumbua watu, na ukimkuta mzee anayeshikilia kwamba mjane anapata asilimia 15, hakuitunga. Ndiyo aliyosomewa wakati ule.

Nani yumo, nani hayumo

Hesabu ya Haji ilikuwa rahisi kwa sababu familia yake nimeitengeneza mimi. Familia za kweli hapa Uganda zimechanganyika. Kaka ni sheikh, dada ameolewa na Mwanglikana, mjomba ni katekista, na wote wanakula Idi pamoja na Krismasi pamoja. Mauti ndiyo yanayowatenganisha.

Kwa faraidh, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Tuseme mke mdogo wa Haji ni Mkristo ambaye hakusilimu: ile thumuni yote, milioni 12, inakwenda kwa mke mkubwa. Kwa korti dini yake si hoja. Hoja ni kama ndoa yao inatambuliwa na sheria za Uganda. Ikitambuliwa, ana milioni 9.6 zake.

Vivyo hivyo mtoto wa nje ya ndoa. Kadhi atakwambia kwa upole kwamba mtoto huyo hamrithi baba yake, ingawa anamrithi mama. Korti haitofautishi. Akithibitika ni damu ya marehemu anahesabiwa sawa na wengine, na zile milioni 72 za watoto sasa zinagawanywa kwa sita: kila mmoja milioni 12. Nimeona watoto wa ndani ya nyumba wakishika dini kwa nguvu ghafla siku mtoto wa sita alipotokea mlangoni na kitambulisho chake. Swala tano walikuwa hawazijui.

Kuna pia upande ambao watu hawautazami, nao ni wa madeni. Kwa kadhi, mahari ambayo mume aliahidi na hakuimaliza ni deni la marehemu, na hulipwa kabla ya kugawa chochote. Mke aliyeandikiwa ng'ombe wanne kwenye cheti cha ndoa na hajawahi kuona hata kwato, akasimame mapema. Kortini anaweza kuidai kama deni, ila alete karatasi au mashahidi. Na mali ya mke mwenyewe, kiosk chake, cherehani yake, kiwanja alichonunua kwa jina lake, si ya marehemu popote pale. Iondolewe mezani kwanza.

Ile nyumba

Niliiacha kando kwa makusudi, kwani ndipo tofauti inapouma.

Kwa dini, nyumba ni sehemu ya mali kama ng'ombe au duka. Mjane ana haki ya kukaa eda yake humo, miezi 4 na siku 10, na baada ya hapo nyumba inaingia kwenye hesabu. Familia yenye utu humwacha akae. Isiyo na utu inahesabu siku.

Kwa Sheria ya Urithi, nyumba kuu ya makazi haiingii kwenye yale mafungu ya asilimia. Mjane na watoto waliokuwa wakiishi humo wana haki ya kuendelea kuishi, na marekebisho ya 2022 yamefanya kuwafukuza kuwa kosa la jinai. Hapo polisi wanaweza kuitwa, na wakaja kwa jina la sheria.

Kwa mjane kijana mwenye watoto wadogo na mashemeji wenye haraka, jambo hili peke yake linazidi tofauti zote za kwenye jedwali. Milioni 6 au milioni 9.6 zote huisha kwa kodi ya nyumba na karo. Paa haliishi.

Karatasi gani inafungua mlango

Tuseme mmekwenda kwa kadhi, mmekubaliana, kila mtu ametia sahihi na dua imesomwa. Kesho yake mnakwenda benki. Karani anaitazama barua ya kadhi, anaigeuza, anaomba hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ofisi ya ardhi nako hivyohivyo: jina la marehemu halitoki kwenye kyapa kwa muhuri wa msikiti. Sheria inasema wazi kwamba haki juu ya mali ya aliyekufa bila wasia haithibitishwi mahakamani mpaka hati hiyo itolewe. Anayeuza au kugawa bila hati anaingilia mali ya marehemu, na anaweza kushtakiwa hata kama nia yake ilikuwa njema.

Njia ya kuipata hati iko hivi. Kifo kinaripotiwa kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu. Hapa watu huiita kwa jina lake la Kiingereza. Nitaazima neno la wenzetu wa Tanzania, Kabidhi Wasii Mkuu. Unakwenda na cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa LC1, vyeti vya ndoa, vitambulisho, orodha ya mali, na muhtasari wa kikao cha familia. Ndugu wanaitwa, wanaulizwa kama wanamkubali msimamizi mliyempendekeza, na mkielewana mnapewa hati ya kutokuwa na pingamizi. Kisha ndipo mnakwenda mahakamani: mali ndogo kwa hakimu, kubwa Mahakama Kuu. Ombi linatangazwa, zinapita siku 14 za kusubiri pingamizi, halafu hati inatoka.

Mjane au mgane hafungwi na hatua ya Kabidhi Wasii Mkuu. Sheria inamruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja, na msimamizi aliyetajwa kwenye wasia vilevile. Wajane wachache mno wanaambiwa hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza mama mmoja mara tatu kwenye ofisi fulani kutafuta karatasi ambayo hakuihitaji, na hakuna aliyetuambia, mpaka tulipokutana na kijana wa msaada wa kisheria kwenye foleni.

Msimamizi akishapata hati hajawa mwenye mali. Ana miezi 6 ya kupeleka orodha kamili mahakamani na mwaka 1 wa kutoa hesabu, na hati ya usimamizi inayotolewa kwa utaratibu mpya ina uhai wa miaka 2, si wa milele kama walivyozoea akina baba wadogo. Hawezi pia kuuza bila ridhaa ya mjane na watoto. Kwa kadhi hakuna kitu kama hicho. Mkishagawana, ufuatiliaji unabaki kwa Mungu na kwa majirani.

Na mtu asiyeridhika na kadhi aende wapi? Mara nyingi anakwenda kwa kadhi mwingine. Aliyeshindwa Old Kampala anapanda Kibuli, aliyeshindwa Kibuli anateremka Old Kampala, na familia inakuwa na barua mbili zenye aya zilezile na majibu tofauti kuhusu nani alikuwa ameachwa talaka tatu. Korti ina ngazi inayojulikana: hakimu, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu. Ngazi hiyo ni ndefu na kila kipandio kina wakili wake wa kulipwa. Nina faili ambalo mlalamikaji alikufa, na sasa kuna mirathi ndani ya mirathi.

Ugomvi wenu ni wa hesabu au wa ushahidi?

Baada ya bahasha nyingi, hili ndilo swali ninalouliza kabla ya jingine lolote.

Kuna ugomvi wa hesabu. Kila mtu anakubali kwamba wake ni wawili, watoto ni watano, shamba ni la marehemu, na wote ni Waislamu. Kinachobishaniwa ni nani apate kiasi gani. Hapo kadhi ni bora, na sisemi hivyo kwa upendeleo wa msikiti. Anaijua faraidh, anapiga hesabu mbele yenu asubuhi moja, hachukui pesa ya kuumiza, na watu wanaomwamini hulala usingizi baada ya jibu lake. Hakimu kwa ugomvi wa namna hii ni gharama tu.

Halafu kuna ugomvi wa ushahidi. Je, huyu alikuwa mke au hawara? Je, talaka ilitolewa kweli ile Ramadhani, au ni maneno ya wifi? Huyu kijana ni mtoto wa nani? Kibanja kilinunuliwa kwa pesa ya nani, na nani kaficha mkataba? Hapo kadhi hana mikono. Hawezi kumlazimisha mtu aje, wala benki itoe taarifa ya akaunti, wala kuamuru kipimo cha vinasaba, wala kuzuia shamba lisiuzwe wiki ijayo. Korti inaweza yote hayo. Ukimpelekea kadhi kesi ya ushahidi unamtwisha mzigo usio wake, na mara nyingi jibu lake linakuwa la kusuluhisha tu, nusu kwa nusu, ambapo mwongo anaondoka na nusu ya kitu kisichokuwa chake.

Ongeza na hili: palipo na watoto wadogo, msimalize mambo msikitini peke yake. Mtoto wa miaka 7 hawezi kukubali fungu dogo kuliko alilopewa na sheria, na mlezi wake hawezi kumkubalia. Atakapofika miaka 20 atakuja na wakili, na mtakuwa mmeshajenga juu ya ploti yake.

Vikao vya ukoo na LC1 nitavipitia upesi. Ni vizuri kwa kuthibitisha nani ni nani, mpaka uko wapi, nani alikuwa akiishi wapi. Barua ya mwenyekiti mtaihitaji kwa vyovyote. Lakini kugawa mirathi si kazi yake, na muhtasari unaosema "LC1 imeamua mjane arudi kwao" hauna uzito hata kama una mihuri mitatu. Shangazi anisamehe.

Njia ya katikati

Kati ya familia nilizozihudumia, zilizotoka salama hazikuchagua moja na kuitupa nyingine. Zilimpa kadhi hesabu, zikaipa korti nguvu.

Inakwenda hivi. Warithi wote wazima wanakaa na kadhi, anaandika mgawo. Mgawo huo hauishii msikitini. Unaingizwa kwenye maombi ya hati ya usimamizi, au kama kesi imeshafunguliwa, unapelekwa kama makubaliano ya pande zote ili mahakama iyaandike kuwa amri yake. Tangu kanuni za 2013, kesi za madai Mahakama Kuu hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi, kwa hiyo nafasi ya kuleta mgawo wa kadhi mezani ipo hata kwa familia iliyoanza kwa kushtakiana. Mtu mzima ana ruhusa ya kuachia sehemu ya haki yake. Binti aliyestahili milioni 14.4 kwa sheria anaweza kusema kwa hiari, mimi nataka fungu la Qurani, milioni 8.5 zinanitosha. Hakimu atataka tu kujua kwamba ni hiari kweli.

Hapo kwenye hiari ndipo ninapokuwa mkali kama katibu. Siandiki "dada amesamehe" mpaka dada aonyeshwe tarakimu mbili kando kwa kando, ile ya kadhi na ile ya korti, na azisome mwenyewe au asomewe na mtu asiyerithi. Baadhi ya wazee wamenikasirikia kwa hilo. Wanasema ninawafundisha wanawake ukaidi.

Njia hii haifai pale ambapo mmoja tu anakataa. Hapo kuna sheria ya nchi, basi, na kumlaumu kwamba ameikana dini hakutaibadilisha hukumu.

Kwa walio hai

Yote niliyosema yanamhusu marehemu asiyeacha wasia. Mwislamu aliye hai ana njia fupi kuliko zote, na inashangaza tunavyoiogopa, kana kwamba kuandika ni kuita mauti.

Sheria ya Urithi inataka wasia ulioandikwa, ukatiwa sahihi, mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi wasiwe wanaonufaika, kwani shahidi aliyeandikiwa zawadi anaweza kuipoteza. Ndani ya wasia huo hakuna kinachokuzuia kuandika kwamba mali yako igawiwe kwa faraidh, na ukamtaja msimamizi. Hapo mgawo wa dini unapata mwili wa kisheria: korti inautekeleza kwa sababu ni wasia wako. Mipaka ipo. Huwezi kuwatupa mke, watoto au wategemezi. Mahakama ina uwezo wa kuwatengea riziki, na ile nyumba ya makazi inabaki na ulinzi wake.

Dini nayo ina mipaka yake: wasia hauzidi theluthi, na haumwongezei mrithi fungu ila warithi wengine wakiridhia. Lakini tazama theluthi hiyo ni mlango mpana kiasi gani. Kwenye mali ya Haji ni milioni 32. Mke Mkristo asiyerithi kwa faraidh anaweza kuwekwa humo. Mtoto wa nje anaweza kuwekwa humo. Mjukuu yatima ambaye baba yake alitangulia, na ami zake wanamzuia kurithi, naye humo. Watu walewale ambao familia zinapelekana kortini kwa ajili yao, dini iliwaachia theluthi nzima, na sisi tunakufa tumeikalia.

Kama una mali pande zote mbili za mpaka, na hapa Busia ni nani hana, andika ukijua kwamba ardhi hufuata sheria ya pale ilipo. Shamba la Uganda litaamuliwa kwa sheria ya Uganda hata ukifia Mombasa. Ploti ya upande wa Kenya itakwenda kwa sheria ya Kenya, kwa kadhi wao mwenye meno. Warithi walewale, mafungu tofauti, safari mbili. Pesa na mifugo hufuata makazi ya kudumu ya marehemu, kwa hiyo jambo dogo kama kuandika waziwazi kwamba kwako ni wapi linaokoa miezi.

Mwaka jana tulikuwa na kikao kinachofanana kidogo na cha Haji wangu. Wana wawili walikuwa wameshakubaliana kwenda kortini, na mabinti wakafurahi. Nikasoma tarakimu, kama kawaida yangu, mpaka nikafika kwa bibi. Akaniambia, "Katibu, rudia hapo kwangu." Nikarudia: kwa kadhi sudusi, kwa korti chini ya hapo mara nne. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema fungu lake la kadhi liandikwe lote, kwa jina lake, na kalamu isikwaruze. Likaandikwa. Akaomba ukurasa mwingine, na kwenye huo akataja zawadi kutoka humohumo, nusu kwa wajukuu wa kike, mmoja mmoja kwa majina, kuanzia yule mdogo aliyekuwa amelala mapajani pake. Wanawe wakatazamana. Nikauliza kama kuna mwenye pingamizi, na hakuna aliyejibu, nikaandika hivyo.